Wapangaji wa Nairobi: Habari za Maisha Yetu katika Mji wa Ugenini



Kamati imetuagiza tuandike katika kitabu hiki cha mwaka habari za jinsi watu wetu walivyoishi Nairobi tangu siku za kwanza. Agizo hilo lina sababu. Katika mkutano mkuu wa mwaka huu kutaletwa shauri juu ya Kifungu cha Mazishi, na kila mmoja wetu ajua ya kwamba kifungu hicho chasema fedha za chama zitalipwa kwa kumsafirisha marehemu "hadi kwao". Wako wanachama, nao wazidi kuwa wengi, waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, na wazazi wao wamezikwa hapa. Hao wauliza, neno hilo "kwao" maana yake nini? Tumeona si haki kulijibu swali hilo kabla ya kujua neno lenyewe lilitoka wapi, na ndiyo sababu ya maandishi haya.

Ardhi iliyobeba Nairobi ilikuwa na wenyewe. Wamasai walinywesha ng'ombe wao hapo, na jina la mji latokana na maneno yao Enkare Nyirobi, yaani maji baridi. Na Wakikuyu walilima katika vilima vilivyo karibu. Lakini mji haukuwa na wenyewe. Mombasa na Lamu zilikuwa na mitaa, misikiti na makaburi ya mababu karne nyingi kabla ya reli. Mgeni aliyeingia huko alikuta wenyeji, akashika desturi zao, na baada ya kizazi kimoja au viwili wajukuu wake wakahesabiwa miongoni mwao. Nairobi haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa kambi. Reli kutoka pwani ilifika kwenye kinamasi hicho tarehe 30 Mei 1899, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na kazi ngumu ya kuteremka Bonde la Ufa, wakubwa wa reli waliweka hapo stesheni kuu na karakana. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa. Basi katika miaka sita tu kambi ikawa mji mkuu, wala hapakuwamo mtu mzima hata mmoja aliyeweza kusema, "Mimi ni mzaliwa wa mji huu."

Wote walikuwa wageni: Mwingereza, Mhindi wa Punjab na wa Gujarat, Mswahili aliyekuja na misafara, Mnubi aliyekuwa askari, Mkamba, Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya. Lakini wageni hao hawakupitia mlango mmoja. Mmoja alipewa hati ya kiwanja, mwingine alipewa kipande.

Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji, maana tauni ilikuwa imekwisha kuipiga Nairobi. Shauri lake lilikuwa mji ugawanywe kwa rangi za watu, na shauri hilo likafuatwa kwa miaka mingi. Wazungu walikaa magharibi, juu, penye udongo mwekundu na upepo mzuri. Wahindi walipewa mitaa ya biashara na Parklands. Mwafrika alielekezwa mashariki, chini, penye udongo mweusi ambao wakati wa mvua hushika kiatu cha mtu na kukataa kukirudisha. Mtu akipanda gari leo kutoka Lavington mpaka Makadara, aweza kuiona ramani ile kwa macho yake bila kufungua kitabu.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu, tangu 1919. Kila mwanamume aliyefika umri wa kazi alipewa karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, siku aliyoanza kazi, mshahara, na siku aliyoachishwa. Karatasi hiyo iliwekwa katika kijisanduku cha bati chenye kamba, ikavaliwa shingoni. Wako wazee walioifananisha na kengele ya mbuzi. Aliyeacha kazi bila tajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro. Harry Thuku alipoyasema hayo hadharani pamoja na malalamiko ya kodi na mishahara, alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa, na hesabu za watu wengine zapita hapo. Kipande cha Waafrika peke yao hakikuondolewa mpaka sheria ya mwaka 1947, iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe.

Twaomba msomaji aitazame karatasi ile kwa makini. Ilieleza mtu ametoka rizavu gani, chini ya chifu gani, na anamfanyia nani kazi. Mkataba ulipokwisha, mji haukuwa na shauri naye tena. Alitakiwa arudi alikotoka. Na kwa kuwa alidhaniwa ana shamba na mke huko, mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia. Wakubwa walisema mshahara wa kapera watosha kwa kuwa mke analima nyumbani, kisha wakasema mke akae huko akalime kwa kuwa mshahara hautoshi. Fumbo hilo lilidumu zaidi ya miaka thelathini.

Sasa tueleze habari za kitanda, maana vijana wetu hawazijui.

Katika lokesheni na katika landi za reli pale Muthurwa, na katika nyumba nyingi zilizojengwa baadaye, Mwafrika hakukodisha nyumba. Alikodisha nafasi ya kulala. Chumba kimoja kiliwekwa watu watatu au wanne, kila mmoja na kitanda chake, na chini ya kitanda sanduku lenye kufuli. Ukutani palikuwa na msumari wa koti. Mali yote ya mtu mzima, ambaye kwao alikuwa mwenye boma na ng'ombe na neno lake lasikilizwa barazani, ilienea baina ya msumari na sakafu. Jiko la makaa liliwekwa nje mlangoni. Walipika kwa zamu, sufuria moja, ugali na mboga, na nyama siku ya mshahara. Bomba la maji lilikuwa la watu wote, na choo vilevile, kwa hiyo mtu aliyetaka kufika kazini kwa wakati aliamka kabla ya jogoo apange foleni. Kisha safari ya miguu mpaka Industrial Area au mpaka kwa memsahibu wa Kilimani, kwani nauli ya basi kila siku ingekula posho.

Pale palipokuwa na watu wa zamu ya usiku, kitanda kimoja kiliwalaza wawili, mmoja akiingia mwenziwe atoka. Walijuana kwa joto la blanketi kuliko kwa sura.

Na tena kulikuwa na yule wa tatu, ambaye hakuandikwa katika daftari lolote. Huyu ni ndugu aliyekuja kutafuta kazi. Methali yatuambia mgeni ahesabiwe mgeni siku mbili, na ya tatu apewe jembe. Katika Nairobi hapakuwa na jembe la kumpa. Alilala sakafuni kati ya vitanda mwezi mmoja, miwili, hata sita, akila sahani ya mwenyeji wake, na mwenyeji hakuweza kumfukuza kwa sababu yeye mwenyewe alianza hivyo hivyo kwa mtu mwingine. Askari walipokuja usiku na tochi kutafuta wasio na ruhusa, ndugu huyo alitoka dirishani, akakaa kando ya mto mpaka wapite. Akikamatwa hana kazi, alirudishwa kwao kwa gari la moshi. Na wengi waliorudishwa hivyo walionekana tena Nairobi kabla ya mwezi kwisha. Mwaka 1949 ilitungwa sheria nyingine iliyowahusu wale walioitwa watu wasiotaka kazi, kana kwamba mtu aliyetembea maili mia akiitafuta alikuwa haitaki.

Wake walikuja baada ya mavuno. Mke alikaa wiki mbili au tatu, wenzi wa chumba wakaenda kulala kwa majirani bila kuulizwa, nao watakapofikiwa na zamu yao watatendewa vivyo. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, lakini haikuvunjwa. Mke aliporudi alichukua sukari, kitambaa, fedha, na mara nyingi mimba. Na mtoto yule akamjua baba yake kwa barua. Barua zenyewe ziliandikwa na mmoja chumbani aliyesoma, kwa hiyo huyo alizijua siri za nyumba nne au tano, na wazee wasema makarani wa namna hiyo walikuwa watu wanyamavu kuliko wote.

Siku ya Jumapili mambo yalibadilika. Suruali iliyolazwa chini ya godoro tangu Ijumaa ilitoka imenyooka. Palikuwa na kanisa, palikuwa na mpira, palikuwa na ngoma na mikutano katika Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani, palikuwa na gazeti la Baraza, lililoanza mwaka 1939, likisomwa na mmoja kwa sauti na kusikilizwa na kumi. Palikuwa pia na pombe. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani apate ada ya shule ya mwanawe alifungwa, hali Halmashauri ya mji yenyewe iliuza pombe katika kilabu chake na kutia faida mfukoni. Hatusemi kwamba ulevi ni jambo jema; twasema tu kwamba yaonekana ubaya wake ulitegemea nani auza.

Kati ya watu hawa wa vitanda walikuwako wengine waliokataa kuwa wapangaji. Tangu mwanzo Waafrika walijijengea vijiji vyao wenyewe karibu na mji, kama Pangani na Mji wa Mombasa. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa lokesheni ya serikali, mwenye nguvu aliruhusiwa kusimamisha nyumba yake ya udongo juu ya kiwanja cha Halmashauri na kupangisha vyumba. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, tena wengi wao walikuwa wameukimbia ujane au ndoa ya taabu, nao hawakuwa na mahali pa kurudi. Walisilimu wengi wao, wakasema Kiswahili, wakachukua watoto wa watu wakawalea wawe warithi wao. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakahamishiwa nyumba mpya za Shauri Moyo, jina ambalo halihitaji mfasiri. Watu wa Pumwani hawakusafirisha maiti. Waislamu wao walioshwa, wakaswaliwa, wakazikwa katika makaburi ya Kariokor, na jamaa wakarudi kunywa kahawa na kuwaombea. Ukimwuliza mmoja wa wazee hao kwao ni wapi, alikuonyesha mlango.

Wanubi wa Kibera walikuwa katika hali ya namna hiyo hiyo. Babu zao walitoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza, wakawekwa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya ishirini. Serikali haikuweza kuwaambia warudi rizavu, kwa kuwa rizavu hawakuwa nayo. Wala haikupenda kukubali kwamba Kibera ni yao. Shauri lao lilibaki likining'inia chini ya serikali ya mkoloni na chini ya serikali zetu, mpaka mwaka 1917 ukapita, na 1963 ukapita, na hatimaye mwaka 2017 wakapewa hati ya jumuiya kwa ekari 288. Zaidi ya miaka mia moja walikaa katika mji huu bila karatasi ya kuthibitisha kwamba wanakaa.

Basi twaja kwenye vyama vyetu. Mtu wa kitanda akiugua alipoteza kazi, akipoteza kazi alipoteza kitanda, na akifa hapakuwa na wa kumlilia. Aliweza kuzikwa na Halmashauri katika kaburi la maskini, na habari zikafika kwao miezi mingi baadaye, kwa kinywa cha mtu aliyekwenda likizo. Aibu hiyo ndiyo iliyovizaa vyama. Watu wa tarafa moja walikutana chini ya mti au katika chumba cha mmoja wao, wakachanga shilingi, wakaweka sanduku lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Vikakua vyama vikubwa, kama Luo Union na vile vya Waluhya na Wakamba, na vikabaki vidogo vya ukoo na kata kama chetu. Kazi ya kwanza ya fedha zile ilikuwa wagonjwa, ya pili wafiwa.

Hapa twataka kusema jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wanachama. Desturi ya kumrudisha maiti kutoka mbali si ya mababu kama tunavyopenda kusema. Mababu hawakuwa na lori. Katika Vita ya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wale walioitwa Carrier Corps, ambao kambi yao ndiyo iliyoipa Kariokor jina lake. Maelfu ya wapagazi wa Kenya walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa huko Tanganyika. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Waliobaki nyumbani hawakukaa bila mazishi kwa ajili hiyo. Wajaluo walizika tunda la mti wa yago, ule ambao Waswahili huuita mwegea, mahali pa mwili, wakalia, wakanyoa, wakagawana, na marehemu akahesabiwa amezikwa kwake. Desturi ilikuwa na njia kwa ajili ya mtu aliyefia mbali. Ilikuwa vyama, barabara na magari, hasa tangu miaka ya 1940, vilivyoifanya safari ya maiti kuwa wajibu ambao mtu hawezi kuukwepa. Tulibuni jambo jipya na zuri, tukaliita la kale.

Nalo lilikuwa zuri kweli. Lori lililoondoka Nairobi jioni na jeneza katikati na watu wakiimba pande zote lilikuwa jibu letu kwa mshahara wa kapera. Lilisema kwamba mtu huyu hakuwa namba ya kipande; ana baba, ana kijiji, na tazameni watu wake.

Lakini vyama navyo viliyachukua macho ya serikali katika mambo fulani. Katika miaka ya 1940 na ya 1950 vyama kadhaa viliwakamata wasichana na wanawake waliokaa mjini bila waume, vikawapakia katika mabasi na kuwarudisha makwao kwa nguvu, wengine wakiwa na kazi zao halali. Wazee wa siku zile walisema wanalinda heshima. Sisi twaona walikubali ile hoja ya kwamba mji si mahali pa mtu kuishi, ila pa kufanya kazi tu, na kwamba mwanamke asiyelima rizavu amepotea. Wale wa Pumwani waliwacheka.

Mambo ya miaka ya hatari wengi wayajua, kwa hiyo twapita upesi. Mwaka 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji, tarehe 30 Machi, na wafanya kazi wengi Waafrika wakakataa kusherehekea jiji wasilokuwa na sehemu ndani yake. Mei ya mwaka huo huo ulitokea mgomo mkuu, baada ya kukamatwa Fred Kubai na Makhan Singh. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1953 aliuawa Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, ambaye jina lake laitwa hata leo katika mitaa ya Eastlands. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzunguka mji wote katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walichaguliwa barabarani na vitandani, wakapelekwa Langata kuchujwa, na kutoka hapo wengi wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani. Vitanda vyao vilijazwa na watu wa makabila mengine. Baadhi yetu tulipata nafasi Nairobi kwa njia hiyo, na ni vema kitabu chetu kiseme hivyo.

Ni ajabu kwamba mwaka huo huo wa 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ilisema wazi kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakupata hata kiasi cha kumtosha mtu mmoja kuishi kwa adabu, na kwamba mshahara yapasa upimwe kwa mtu na familia yake. Mwaka uliofuata Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki ilisema vivyo, kwamba Mwafrika wa mjini aruhusiwe kutulia. Zikaongezwa nyumba za familia, zenye jiko na mlango mmoja. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, sheria ya kumfanya Mwafrika mpitaji katika mji huu ilikuwa imekufa. Mwaka 1948 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 119,000 wa rangi zote. Mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073, na wengi wao hawajapata kumwona aliyevaa kipande.

Sheria ilikufa, lakini Kifungu cha Mazishi hakikuguswa. Hata serikali ilipoamuru mwaka 1980 vyama vikubwa vya kikabila vivunjwe, vile vidogo viliendelea chini ya majina ya maendeleo na ya kusaidiana, na kanuni zao zikanakiliwa neno kwa neno.

Wanachama wazima watakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, baada ya kuishi na kufanya kazi Nairobi miaka mingi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mwili ulikaa katika chumba cha maiti zaidi ya miezi mitano, na nchi nzima ikagawanyika. Katika mahakama ilibishaniwa kwa siku nyingi kama mtu aweza kuwa na nyumba mjini asiwe na kwake. Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu kwa ukoo mwezi wa Mei 1987, na akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo. Hatutaki kuifungua kesi hiyo tena. Twaikumbusha tu kwa kuwa maneno yaliyosemwa na pande zote mbili ndiyo yatakayosemwa katika mkutano wetu, na yafaa yasemwe kwa upole kuliko siku zile.

Wazee wanaopinga mabadiliko wana hoja nzito, nasi twaieleza kwa haki. Kaburi ni hati. Katika sehemu nyingi za kwetu shamba halijapimwa vizuri, na anayezikwa hapo huwaachia watoto wake ushahidi ambao hakuna jirani awezaye kuuhamisha. Mtoto ambaye baba yake amezikwa Langata, atakapokwenda nyumbani kudai fungu lake, ataulizwa, "Baba yako yuko wapi?" Tumewaona wajane waliopoteza mashamba kwa njia hiyo. Tena mji wenyewe hauaminiki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walifukuzwa katika mitaa ya Kibera na Mathare waliyokaa miaka ishirini, wakaambiwa warudi kwao. Na siku zile aliyekuwa na boma mashambani alikuwa na pa kukimbilia, na asiyekuwa nalo alilala katika hema.

Hoja ya wanachama vijana nayo si nyepesi. Wao wasema neno "rudi kwenu", walilopigiwa kelele mwaka 2008, ndilo lile lile lililo katika kifungu chetu. Tena walipa ada sawa na wengine, lakini mama wa mmoja wao akizikwa hapa Nairobi, chama hutoa rambirambi na sukari tu, wakati mwingine apewa gari zima. Na wakumbusha habari za mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, njia zote za kutoka na kuingia Nairobi zilipofungwa tangu tarehe 6 Aprili mpaka mwanzo wa Julai. Aliyefiwa alihitaji kibali cha kumpeleka maiti, na waombolezaji walihesabiwa kwa vidole. Familia nyingine ziliamua kuzika hapa hapa. Chama kilikaa kikao, kikapima kanuni, kikawalipa. Hakuna mwanachama aliyelalamika, na mababu hawakututumia ndoto mbaya.

Kamati imetayarisha maneno mapya, yaliyochapwa katika ukurasa wa ajenda: mahali pa "hadi kwao" pawekwe "hadi mahali atakapozikwa kwa mapatano ya jamaa yake", na kiasi cha fedha kiwe kimoja kwa wote, yaani anayezikwa karibu apewe sawa na anayezikwa mbali, akiba ibaki kwa wajane na mayatima wake. Mhazini ameonya kwamba gari la kwenda mbali latumia zaidi ya kiasi hicho, na jamaa watalazimika kuongeza. Wazee wa baraza wameomba pia iongezwe kanuni ya kwamba chama kitatia mkono katika barua ya kuthibitisha haki ya ardhi ya watoto wa mwanachama aliyezikwa Nairobi, barua ipelekwe kwa chifu na kwa ukoo. Sisi twaona ombi hilo la wazee ni la maana kuliko mengine yote, na lingefaa kujadiliwa kwanza.

Limebaki jambo dogo la ofisi. Daftari la wanachama lina safu mbili, moja imeandikwa "Anakaa" na ya pili "Kwao". Kwa miaka michache iliyopita wanachama wapya wengi wameandika neno moja katika safu zote mbili, Umoja na Umoja, Kayole na Kayole, na karani amekuwa akiwarudishia karatasi wazijaze upya. Kamati imemwagiza azipokee kama zilivyoandikwa, mpaka mkutano utakapotoa uamuzi wake.